Waranti si hisani ya mwenye duka

Usiku wa Ijumaa moja, baada ya Isha, binti yangu alitoka chumbani akiwa ameibeba laptopu yake kwa mikono miwili kama abebaye mtoto mgonjwa. "Baba, haionyeshi kitu." Taa ya chaja yawaka, feni yasikika ikizunguka, lakini skrini ni nyeusi ti. Zilikuwa zimebaki wiki tatu awasilishe mradi wake wa mwisho wa diploma.

Mashine hiyo tuliinunua mpya miezi 7 kabla, kwa Sh58,000, katika duka moja katikati ya mji wa Mombasa. Zamu yangu ya chama ilitoa sehemu kubwa, na ami yake aliye Maskati akatuma kilichopungua. Tuliambiwa ina waranti ya mwaka mmoja. Kwa hivyo usiku ule sikuwa na hofu. Nilimwambia alale, kesho tutaipeleka dukani watutengenezee. Sikujua kwamba naanza safari ya karibu wiki tano.

Siyasimulii haya kwa kuwa yangu ni makubwa kuliko ya wengine. Nilipoyataja barazani, kila mtu alitoa lake. Huyu ni friji iliyoacha kugandisha mwezi wa tatu, yule ni simu, mwengine ni televisheni. Bidhaa hubadilika, mwisho wake ni ule ule: mteja aambiwa kosa ni lake, asema "namwachia Mungu", kisha atoa pesa mara ya pili. Na hapo ndipo penye jambo la kuzungumza, kwa sababu mara nyingi hatushindwi kwa kukosa haki. Twashindwa kwa kukosa karatasi.

Kwanza jua kilichokufa

Skrini kuwa nyeusi si ugonjwa mmoja. Yaweza kuwa umeme, yaweza kuwa programu, yaweza kuwa skrini yenyewe au waya unaoilisha. Kabla hujampelekea mtu mashine, kuna mambo ambayo mzazi yeyote aweza kuyajaribu nyumbani bila bisibisi.

Chomoa chaja na kila kilichochomekwa. Bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kama nusu dakika, uachilie, urudishe chaja katika soketi unayojua ni nzima, kisha uwashe upya. Ikiwa bado ni giza, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, mashine iko hai, ila haionekani. Ongeza mwangaza kwa vitufe vyake. Kama ni Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B ili picha ijianzishe upya.

Bado? Chukua waya wa HDMI uiunganishe na televisheni ya nyumbani. Picha ikitokea kule, basi kompyuta ni nzima na tatizo liko kwenye skrini, taa yake au waya wake. Kisha zima taa ya chumba umulike skrini kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona maandishi hafifu kama kivuli, skrini yafanya kazi ila taa iliyo nyuma yake haiwaki. Mwisho, fungua na kufunga kifuniko polepole. Ikiwaka katika pembe fulani na kuzima katika pembe nyengine, shuku waya unaopita kwenye bawaba.

Yetu ilionyesha picha kwenye televisheni mara moja. Tulitia mradi wote kwenye flashi kabla ya kufanya lolote jengine. Halafu binti akagundua kwamba kifuniko kikifungwa nusu, skrini hujimulika kidogo, kikifunguliwa zaidi huzima. Nikampiga video kwa simu akifanya hivyo. Video hiyo ya sekunde 40 ilinifaa baadaye kuliko maneno yangu yote.

"Imeingia maji hii"

Jumamosi asubuhi tulikuwa dukani. Kijana wa kaunta aliigeuza, akatoa skrubu, akachungulia dakika mbili hivi, kisha akatuonyesha doa jeupe karibu na skrubu moja. "Imeingia maji hii. Waranti haipo tena." Kutengeneza ni Sh22,000.

Binti aliapa hakumwaga kitu. Nilitoa video, kijana hakuiangalia. Nikamwomba basi aniandikie kwamba ameikagua na kwamba waranti imekataliwa kwa sababu ya maji. Akacheka. "Sisi hatuandiki vitu hivyo, mzee."

Mwenye duka akatoka ndani. Twajuana, twaswali Ijumaa msikiti mmoja. Akaniwekea mkono begani akasema kwa upole, "Tuyamalize kindugu. Lete elfu 15, nitakutengenezea."

Nimelifikiria sana neno hilo, kindugu. Ni neno zuri, na watu wa Pwani tumemalizana mengi kwa neno hilo bila kufika mahakamani. Lakini siku ile lilikuwa na maana ya kwamba mimi nilipe na tusiandikiane. Mwenye nguvu akikwambia tuyamalize kindugu baada ya kukataa kukusikiliza, huo si undugu. Yule aliyeuza ndiye aliyekagua, ndiye aliyehukumu, na ndiye atakayelipwa kwa matengenezo ikiwa hukumu ni "maji". Wahenga wametuonya kuhusu kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Na hilo doa lenyewe? Sisi twaishi kando ya bahari. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na chuma chochote hapa hushika kutu, kuanzia mabati hadi skrubu za miwani. Ikiwa doa moja kwenye skrubu latosha kufuta waranti, basi kuanzia Vanga hadi Kiunga hakuna mtu mwenye waranti, na wauzaji watuambie hivyo kabla ya kupokea pesa zetu.

Sheria yasemaje

Wengi wetu twaamini kwamba haki ya mnunuzi ni ile kadi ndogo iliyo ndani ya boksi. Kadi ikisema hapana, basi. Sivyo.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, katika kifungu cha 5, yamchukulia muuzaji kuwa amedhamini kwamba bidhaa ina ubora wa kuridhisha hata kama hakutamka neno. Tena yaongeza kwamba sharti lolote linalojaribu kuifuta dhamana hiyo ya kisheria ni batili.

Msomaji asome tena sentensi hiyo ya mwisho. Yale maandishi yaliyo chini ya risiti, kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, yaweza kumzuia mtu aliyebadilisha mawazo tu, aliyenunua nyeusi na sasa ataka ya kijivu. Hayawezi kumzuia mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Kadi ya waranti huongeza juu ya haki ya kisheria, haiipunguzi.

Tena iko Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, ambayo yakataza muuzaji kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, kuhusu bidhaa kuwa mpya ilhali si mpya, na kuhusu kuwepo kwa waranti au haki yoyote. Hili lawahusu hasa wale wanaonunua laptopu zilizotumika Ulaya au Dubai zikasafishwa na kuletwa hapa. Kuuza iliyotumika si kosa. Kosa ni kuificha hali yake.

Nisieleweke vibaya. Sheria hii haimwokoi aliyemwagia chai kibodi. Wala haimsaidii anayekaa kimya miezi baada ya kuona kasoro, kwa sababu kadiri unavyochelewa ndivyo haki ya kurudisha bidhaa inavyodhoofika, ukabaki na kudai matengenezo au fidia. Wala usikimbilie kumpa fundi wa mtaani aifungue kabla muuzaji hajaikagua. Ukifanya hivyo umempa mwenye duka jibu: "Nani aliyeigusa?"

Hata wakubwa hukosea kiwandani

Kuna kisa chajulikana duniani ambacho kilinifungua macho, kwa kuwa dalili zake ni kama zetu. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilitoa laptopu zake mpya za MacBook Pro. Waya bapa unaoipa umeme taa ya skrini ulikuwa umepitishwa kwenye bawaba, na kila mtu alipofungua na kufunga kifuniko, ulichakaa kidogo. Baada ya muda skrini ilianza kuonyesha vivuli chini yake, kisha ikawa yazima ikifunguliwa sana. Wateja wengi yaliwafika baada ya waranti kwisha. Na kwa kuwa waya ule ulikuwa kitu kimoja na skrini, iliwabidi kununua skrini nzima kwa mamia ya dola.

Januari 2019, mafundi wa iFixit waliueleza ubovu huo hadharani na kuupa jina, Flexgate. Wateja waliandika malalamiko na kukusanya saini. Mwezi wa Mei mwaka huo huo Apple ilitangaza kwamba itatengeneza bure mashine za inchi 13 za mwaka 2016 zenye tatizo hilo. Za inchi 15 ziliachwa nje, na wenyewe walilalamika pia.

Sidai kwamba laptopu ya binti yangu ilikuwa na ugonjwa uo huo. Ilikuwa ya kampuni nyengine kabisa. Ninachosema ni kwamba skrini inayozima kulingana na pembe ya kifuniko ni dalili inayojulikana, na fundi mwaminifu angeanza hapo, si kwenye doa la skrubu. Na wale wateja hawakusikizwa kwa kulalamika mezani pa chai. Walisikizwa kwa sababu waliandika, wakapiga picha, wakaweka tarehe.

Mwenye duka naye ana lake

Haki ni haki, na tumsikize pia muuzaji. Yeye si kiwanda. Alinunua kwa msambazaji Nairobi, na msambazaji naye akiikataa waranti, hasara yabaki kwake. Faida ya laptopu moja si kubwa kama tunavyodhani. Na wateja waongo wapo. Mtu amwaga soda, aifuta, aianika juani siku mbili, kisha aja dukani na kiapo mdomoni.

Fiqhi ya biashara tuliyosomeshwa chuoni yalijua hili zamani. Kuna khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwapo kabla hajakabidhiwa, ana hiari ya kurudisha. Lakini uwazi wadaiwa pande zote mbili. Twajua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono kwenye lundo la chakula sokoni akakuta chini ni bichi kwa mvua, na namna alivyomkemea muuzaji kwa kutoiweka ile iliyorowa juu watu waione. Anayeficha maji yaliyoingia ni kama aliyeficha chakula kilichorowa, awe muuzaji au mnunuzi.

Wengine waliniuliza kwa nini nisiende kwa Kadhi. Katiba, kifungu cha 170, imeiwekea Mahakama ya Kadhi mipaka yake: hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Laptopu haimo.

Andika

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzi kuhusu swala wala vita. Ni ile ya Suratul Baqara inayoamrisha deni la muda liandikwe, na mwandishi, na mashahidi. Yasamehe biashara ya papo kwa papo isiandikwe. Lakini waranti si ya papo kwa papo. Ni ahadi ya mwaka mzima, na ahadi ya mwaka mzima ikibaki mdomoni yategemea kumbukumbu ya mtu ambaye kukumbuka kwamgharimu.

Basi siku ya kununua, taka risiti ya eTIMS yenye jina la bidhaa, na namba ya mashine iandikwe. Ilinganishe na namba iliyo chini ya laptopu kabla hujatoka. Uliza na uandikiwe: waranti ni ya duka au ya kiwanda? Yaanza siku gani? Yafunika skrini na betri, au bodi peke yake? Ikiharibika, nani alipa kuisafirisha Nairobi? Na ukiletewa na jamaa kutoka Dubai au Maskati, aulize kule kule kama waranti yake yafanya kazi Kenya, kwani nyingi hufungwa na nchi iliponunuliwa.

Siku ya kuirudisha, piga picha kila upande. Nakili kazi zako na utoe picha zako. Hili nawaambia hasa akina mama na mabinti. Humo mna picha za harusi na za ndani ya nyumba, na duka halina haja ya kuziona ili libadilishe waya. Wakikataa kutengeneza, waombe sababu kwa maandishi pamoja na picha. Wakikataa kuandika, andika wewe.

Ndivyo nilivyofanya, ingawa kwa kuchelewa. Wiki nzima nilipiga simu nikijibiwa "kesho". Nyumbani binti alikuwa akiandika mradi wake sebuleni kwa skrini ya televisheni, na ndugu zake wakakosa mpira. Wiki ya pili niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: tarehe ya kununua, namba ya mashine, dalili, majaribio tuliyofanya, maneno niliyoambiwa dukani. Nikataka moja kati ya mawili ndani ya siku 7: itengenezwe bure, au nipewe ripoti ya fundi yenye saini na picha. La sivyo nitawasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na kufungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo.

Mahakama hiyo wengi hawaijui, na hapa Mombasa ipo. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, na yasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa. Waweza kujisimamia bila wakili, na sheria yataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu dai kuwasilishwa. Ni kweli kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha, na ndiyo maana nasisitiza karatasi.

Mwenye duka alikataa kuitia saini nakala yangu. Nikaipiga picha nikamtumia kwa WhatsApp, pamoja na ile video. Tiki mbili zikageuka buluu.

Siku ya sita alinipigia. Mashine ikapelekwa kwa msambazaji Nairobi. Binti alimalizia mradi kwa laptopu ya rafiki yake, akiitumia usiku rafiki akilala, na aliuwasilisha siku ya mwisho. Baada ya siku 19 tuliitwa. Ilikuwa imepona. Karatasi iliyofungwa nayo ilisema wamebadilisha waya wa skrini, gharama sufuri. Kuhusu maji hapakuwa na neno hata moja.

"Sheikh," mwenye duka aliniambia akinikabidhi, "kulikuwa na haja ya barua? Si ungeniambia tu."

Nilimjibu kwamba nilimwambia, mbele ya kaunta hiyo hiyo, na bei ya kuambiwa ilikuwa Sh15,000. Akanyamaza. Ijumaa iliyofuata tulipeana mkono baada ya swala kama kawaida, na nafurahi kwamba tulipeana. Barua haikuvunja undugu wetu. Naamini ningelipa, ndipo ungevunjika, kwa sababu ningekaa nyuma yake kwenye safu nikiwa na kinyongo.

Nina ombi kwa wafanyabiashara wetu. Wekeni kwenye kaunta karatasi moja: jina la mteja, namba ya mashine, kilichoonekana, uamuzi na sababu yake, saini mbili. Haigharimu kitu. Itawalinda dhidi ya mteja mwongo kama itakavyomlinda mteja dhidi ya fundi wa dakika mbili. Na sisi wanunuzi, tukiambiwa tuyamalize kindugu, tujibu kwamba sawa, kindugu, lakini tuandikiane.